Jiwe Mkononi mwa Mjane

Mlimwacha Chepkurui katikati ya soko la ng'ombe la Sigor, kidole hewani, neno likiwa limeshafika kwenye meno.

Leo limetoka.

"Mwizi! Mwizi wa ng'ombe! Mshikeni!"

Soko zima liligeuka. Wanunuzi waliokuwa wakipapasa ng'ombe mbavu waliacha. Madalali walikatiza bei. Fimbo ziliinuka kabla watu hawajajua nani anashikwa.

"Yupi, mama?"

"Huyo! Mwenye koti la kahawia! Huyo na mtamba mwekundu!"

Lazarus hakukimbia, na hilo ndilo lililomponza. Alibaki amesimama na kamba ya mtamba mkononi, akageuka nyuma kuangalia ni nani huyo anayeitwa mwizi.

Kofi la kwanza likampata hapo hapo.

Chepkurui alihisi kitu kitamu kikishuka kooni. Tangu amzike mumewe chakula kilikuwa hakina ladha, chai haina ladha, hata maombi hayana ladha. Sasa kofi moja tu juu ya shavu la mtu mwingine, na ulimi wake ukaamka.

Msimlaumu upesi. Kwa wewe unayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, jua hivi: Isaiah, mumewe Chepkurui, mkulima wa chai wa Kiptere, alikuwa akitembea jioni moja kwenye barabara ya Chepilat akiwa na ng'ombe aliyemnunua kwa haki. Mtu mmoja akapiga kelele za mwizi. Watu wakatoka na mawe. Ilipojulikana kwamba ng'ombe ni wake, Isaiah alikuwa amelala kwenye mtaro na hajui kitu tena. Polisi walisema umati hauna jina. Wiki jana tu ndipo Omariba, muuza mboga wa Chepilat, alipomwambia mjane kile alichokisikia kwa masikio yake.

"Aliyeanza kelele ni Lazarus, yule dalali wa ng'ombe. Kila siku ya soko yuko Sigor."

Ndiyo sababu Chepkurui alifunga safari. Hakubeba panga. Hakubeba sumu. Alibeba neno lile lile lililomuua Isaiah.

"Mama Chemutai! Umefanya nini?"

Huyo alikuwa Dorcus, ambaye wote humwita Mama Maxine, rafiki yake wa kanisani. Kwao ni upande wa ziwa, lakini amefanya kazi kwenye shamba kubwa la chai miaka mingi hata Kipsigis anakisema. Asubuhi alimwona Chepkurui akitoka na uso uliokaza, akapanda gari la nyuma kumfuata. Amefika amechelewa.

"Niache, Mama Maxine."

"Huyo mtu hajaiba! Huyo mtamba unamjua wewe?"

"Nimesema niache!"

Lazarus alikuwa chini sasa. Alikuwa akitoa karatasi ya kusafirishia mifugo kutoka mfukoni, anaipunga, anapaza sauti: "Ni wangu! Someni! Nimemnunua jana! Someni!"

Hakuna aliyesoma. Karatasi ilikanyagwa kwenye kinyesi.

Hapo ndipo mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu alipojipenyeza na kusimama mbele ya Chepkurui. Alikuwa Mzee Kipruto, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye pale sokoni neno lake huheshimiwa.

"Mama, nataka kusikia kutoka kwako. Huyu ng'ombe ni yako?"

Umati ulitulia. Ungesikia ng'ombe wakicheua.

Angeweza kusema hapana. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Ndiyo," Chepkurui akasema. "Ni wangu."

Mama Maxine alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mmesikia!" sauti zikalipuka. "Mwenyewe amesema!"

"Leteni tairi!"

"Tairi ya nini? Mawe yatatosha!"

Mwanamume mwenye jaketi la ngozi, ambaye hata ng'ombe hana, aliokota jiwe lililokuwa likizuia lango la zizi. Akalipangusa vumbi kwa mkono wa jaketi kama anayempa mgeni kikombe. Akamletea Chepkurui.

"Mwenye mali apige ya kwanza, mama. Ni haki yako."

Chepkurui alilipokea.

Lilikuwa zito, na lilikuwa na joto la jua. Watu wakampisha njia. Alitembea mpaka pale Lazarus alipopiga magoti. Jicho moja la dalali lilikuwa limefura mpaka likafungika. Chepkurui alikuwa ameliona jicho la namna hiyo mara moja tu maishani mwake, mochari, walipofunua shuka wakamwuliza kama anamtambua.

Moyo ukamwambia: Piga.

Siwezi kuwadanganya, moyo haukumwambia kitu kingine. Alitaka kupiga. Alitaka kusikia mlio wake.

Lakini sauti ya Mchungaji Opondo ilikuja bila kualikwa.

Mchungaji alimtembelea mara moja baada ya matanga, akamkuta kati ya michai. Siku hiyo karani wa kituo cha majani alikuwa amemrudishia gunia lote, kwa sababu Chepkurui alikuwa anachuma kwa hasira, anang'oa majani mazee na vijiti pamoja, anachuma kama anayekaba shingo ya mtu.

"Kama umekuja kuniambia nisamehe, Mchungaji, rudi."

"Sijakuja kwa hilo. Mumeo ameuawa. Usipokasirika nitashangaa. Mungu mwenyewe hukasirika."

Chepkurui aliacha kuchuma. Siku zote za matanga watu walimwambia anyamaze, asahau, amwachie Mungu. Huyu ndiye wa kwanza kumwambia ana haki ya kukasirika.

"Mwambie Mungu hasira yako vile ilivyo," Mchungaji akaendelea. "Usiipambe. Lia, piga kelele, usiimeze ikuoze tumbo. Lakini kabla mkono wako haujaenda popote, jiulize hivi. Jambo hili ninalotaka kufanya, Jumapili naweza kusimama mbele ya kanisa nikalisimulia lote bila kuficha? Ukiweza, lifanye. Usipoweza, ujue hasira imepita kipimo."

"Kipimo ni cha wanawake ambao waume wao wako nyumbani," Chepkurui alimjibu, akageuka kuendelea kuchuma.

Sasa, jiwe mkononi, alijiona amesimama mbele ya kanisa la Kiptere. Kina mama wa kitambaa cheupe safu ya mbele. Kipaza sauti kinapiga mluzi kama kawaida yake. Bwana asifiwe, ndugu zangu. Juzi nilikuwa Sigor. Nilimwita mtu mwizi, na si mwizi. Mzee aliniuliza, nikasema ng'ombe ni wangu, na si wangu. Halafu...

Halafu maneno yalikataa kwenda mbele.

Na katika ule ukimya, jambo moja likamjia waziwazi. Omariba hakusema Lazarus alirusha jiwe. Alisema Lazarus alipiga kelele. Mtu aliyemuua Isaiah alisema neno moja tu, halafu akawaachia wengine kazi.

Leo, hapa Sigor, mtu huyo alikuwa nani?

"Mama, piga!" mwenye jaketi alihimiza. "Unaogopa nini?"

Jiwe likaanguka.

"Si mwizi," Chepkurui akasema.

"Ati?"

"Si mwizi! Ng'ombe si wangu! Nimedanganya!"

Akajitupa juu ya Lazarus, akamfunika kwa shuka lake na mwili wake wote.

Msidhani watu walipiga makofi. Umati uliopandishwa hasira haushuki kwa sababu umeombwa. Teke lililokusudiwa dalali lilimpata Chepkurui mbavuni, na halikuwa la bahati mbaya.

"Kumbe ametuchezea!"

"Wametumana! Ni bibi yake!"

"Wapigwe wote wawili!"

"Jaribuni!" Mama Maxine alifika mbio, viatu amevishika mkononi. Akasimama juu yao, miguu ameipanua. "Jaribuni muone! Mimi mama wa watoto sita, nianzeni mimi!"

Fimbo ya Mzee Kipruto ilipiga chuma cha zizi. Mara moja. Mara ya pili.

"Wacheni! Mama amesema si mwisi. Mimi ndio nilimuuliza, na mimi ndio nimesikia akikataa. Nani hapa iko na ng'ombe imepotea? Inua mkono!"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi nani amewatuma kuua mtu?"

Walianza kutazamana. Mwenye jaketi la ngozi alikuwa wa kwanza kukumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine. Polisi walipofika na gari, waliokuwa wakiomba tairi walikuwa wanabishania bei ya mbuzi kana kwamba hawakuona lolote.

"Huyu majeruhi apelekwe zahanati," konstebo akasema. Kisha akamtazama Chepkurui. "Na wewe mama, twende. Kuita mtu mwizi kwa uongo ni kesi."

"Najua," Chepkurui akasema. "Twende."

* * *

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha kufungia vidonda. Muuguzi alimshona Lazarus juu ya jicho, akatoka kwenda kutafuta dawa. Konstebo alisimama ukumbini akiongea na simu. Mama Maxine alikaa kwenye benchi la mlangoni, kimya, leso yake ameikunja mpaka imekuwa kama kamba.

Chepkurui na Lazarus walibaki wakitazamana.

"Mama," Lazarus akasema kwa midomo iliyofura, "nilikukosea nini mimi? Hata sikujui."

"Mimi ni mke wa Isaiah wa Kiptere."

Dalali hakuuliza Isaiah yupi. Alifunga jicho lake zima, na machozi yakatoka hata chini ya uzi mpya wa muuguzi.

"Huyo mtu wa Chepilat."

"Huyo."

"Mama, mimi tangu siku ile silali. Nilisikia baadaye kwamba ng'ombe alikuwa wake. Nilitaka kuja kwenu, nikaogopa."

"Kwa nini ulimwita mwizi?" Sauti ya Chepkurui ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyotisha zaidi. "Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilipigiwa simu."

Chepkurui alisimama.

"Simu gani?"

"Kuna mtu wa Kiptere huniuzia ng'ombe. Alinipigia jioni hiyo, akaniambia kuna mwizi atapita hapo Chepilat na ng'ombe aliyemwibia, ni mrefu, amevaa gambuti na koti la kijani. Akasema nipige kelele watu wamzuie. Nikamwona, nikapiga. Sikuuliza."

"Hukuuliza!"

"Sikuuliza, mama. Lakini wewe leo uliulizwa. Na ukasema ndiyo."

Hilo lilimpata mahali ambapo teke halikufika. Chepkurui alikaa chini polepole.

"Ni kweli," akasema. "Kwa hilo, naomba unisamehe. Na nitalisema mbele ya polisi vile lilivyo." Akainua uso. "Lakini mimi sijakusamehe, Lazarus. Nimekutoa tu mikononi mwa watu. Hayo ni mambo mawili. Siku moja labda Mungu atanisaidia na la pili. Leo nina hasira na wewe, na sitaificha."

"Ni haki yako, mama."

"Sasa huyo mtu wa simu. Anaitwa nani?"

Lazarus alipapasa mfukoni. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo lakini inawaka. Akatafuta, akamwonyesha. Kwenye simu kuliandikwa: Kip Kiptere.

Chepkurui karibu acheke. Kip! Nusu ya wanaume wa Kiptere majina yao yanaanza na Kip!

"Sura yake je?"

Dalali alifungua mdomo kujibu, lakini mlango ukafunguliwa kwanza.

"Shemeji! Pole sana, shemeji yangu! Mama Maxine alinipigia, nikaacha kila kitu."

Alikuwa Kiplangat, mdogo wake Isaiah. Kiplangat aliyechimba kaburi la kaka yake bila kumpa mtu mwingine jembe. Kiplangat anayemkamulia ng'ombe Chepkurui akiugua, anayempelekea Chemutai, binti wa Isaiah, vitu vya shule. Alikuwa bado na gambuti zenye tope la shambani.

"Nimeongea na afande hapo nje, tutaenda nyumbani. Haya mambo ya..."

Akamwona aliyelala kitandani.

Lazarus naye alimtazama, jicho lake moja likapanuka. Aliweka kidole kwenye kioo kilichopasuka, akabonyeza.

Ndani ya koti la Kiplangat, simu ikalia.

Ililia wimbo wake wote. Kiplangat hakuipokea. Hakuizima pia.

Pembeni ya kitanda kulikuwa na sinia ya muuguzi, na juu ya sinia mkasi. Mkono wa Chepkurui ulikuwa umeshafika. Hakujua ulifikaje. Vidole viliugusa ule mkasi, nao ulikuwa baridi.

Bwana, akasema moyoni, naona namna ya kumuua na naitaka. Ndivyo ilivyo. Sikufichi.

Halafu akajiuliza lile swali la Mchungaji. Jibu lilikuwa hapana.

Mkono ukarudi. Ulirudi kwa shida, kama unaovutwa kutoka kwenye tope, lakini ulirudi.

"Afande!" aliita kwa nguvu. "Ingia! Ulete na kalamu!"

Konstebo aliingia, akawatazama mmoja mmoja. Chepkurui alisimama katikati ya mlango ili asiwepo wa kutoka.

"Shemeji," akasema, "mimi sitakushika. Sitakupigia kelele. Afande huyu ataandika utakayosema, na kortini nitakaa kiti cha mbele kila siku mpaka hakimu amalize. Sema. Kwa nini ulimuua ndugu yako?"

"Sikumuua!" Kiplangat alipiga magoti pale pale sakafuni. "Haki ya Mungu, shemeji, nilitaka wamshike tu! Alale selo siku moja, aone aibu, aache alichokuwa anaenda kufanya! Nilikuwa na hasira! Sikujua watu watafikia kuua!"

"Hasira ya nini? Mtu anarudi nyumbani na ng'ombe wake!"

Kiplangat aliinua uso. Machozi yalikuwa yanamchuruzika, lakini chini ya machozi kulikuwa na kitu kigumu, kitu cha siku nyingi.

"Hakuwa anarudi nyumbani."

"Unasema nini?"

"Ng'ombe yule hakuwa anakuja Kiptere, shemeji. Alikuwa anapelekwa kwa wajomba wa msichana, huko mbele ya Chepilat. Alikuwa wa mahari."

Konstebo aliacha kuandika.

"Isaiah alikuwa anaoa," Kiplangat akasema. "Na msichana aliyekuwa anamwoa, mimi ndiye niliyempenda kwanza. Nilimweleza kaka yangu kama siri. Akaenda nyuma yangu."

Chepkurui alitafuta ukuta kwa mkono. Mwanamume ambaye yeye alimlilia, ambaye kwa ajili yake alitaka kuua mtu! Sasa hasira yake ikamtazame nani, marehemu?

"Muongo," akanong'ona. "Msichana gani?"

Kiplangat alitazama juu ya bega la Chepkurui, kule mlangoni.

Chepkurui akageuka.

Mama Maxine, aliyesimama mbele ya fimbo za soko zima bila kutetemeka, alikuwa anatetemeka. Leso ilikuwa imemdondoka. Benchi lilionekana kubwa mno kwake.

"Mama Chemutai," akasema, "nilitaka kukuambia siku ya matanga. Sikupata mdomo."

"Kuniambia nini?"

"Ni Maxine wangu. Yuko nyumbani kwangu, simruhusu kutoka watu wamwone." Alishusha sauti mpaka konstebo akainama ili asikie. "Ana mimba, na mwezi huu anajifungua."